VIJANA, MSIOMBE KAZI YA NGO TU, DAINI NA KITI CHA MDHAMINI

Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga. Hapa Moshi mgeni alikwisha kuja siku nyingi, tena kwa shangingi lenye nembo mlangoni. Lakini mwenyeji bado anauliza atapona lini.

Ndugu msomaji, hasa wewe kijana wa Shirimatunda unayelisoma gazeti hili kijiweni kwa kupokezana, leo tunataka kuzungumza nawe juu ya jambo ambalo wakubwa hawapendi ulijue. Nalo ni hili: katika kila shirika la misaada kuna kazi na kuna kiti. Kazi unaijua, maana unaitafuta kila siku na bahasha yako ya kaki mkononi. Kiti hukijui, na wanaokikalia hawana haraka ya kukuonyesha. Kiti hicho kinaitwa udhamini.

Tuanze na kazi. Mji huu unaishi kwa kahawa, kwa mlima na kwa misaada. Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, iko chini ya Shirika la Msamaria Mwema. Mwaka 1990 akina mama wa mkoa huu walianzisha KIWAKKUKI, yaani Kikundi cha Wanawake Kilimanjaro Kupambana na UKIMWI, kwa kujitolea wenyewe, wakati ambapo wanaume wengi walikuwa bado wananong'ona kuhusu ugonjwa huo. Mwaka 1997 ikaanzishwa Mkombozi kwa ajili ya watoto wa mitaani, na mwaka 2001 kituo cha watoto cha Amani. Mwaka 2003 ukaja mradi wa KPAP wa kuwasaidia wapagazi wa mlima, ambao huwaazima bure makoti na viatu na kufuatilia kama kampuni za utalii zinawalipa inavyotakiwa. Ongeza hapo hospitali, zahanati na shule za madhehebu kuanzia Machame mpaka Kilema, na vituo vya yatima visivyohesabika.

Tumeyataja mashirika haya kuonyesha ukubwa wa sekta yenyewe, si kwa kuyatuhumu. Humo ndani kuna dereva, mlinzi, mpishi, mhasibu, muuguzi, mwalimu, mtunza bohari na mwelimishaji rika. Katika mji ambao viwanda vyake vingi vimebaki magofu, na ambao kijana akimaliza shule anachagua kati ya bodaboda, mlima na kijiwe, hii si sekta ya kuchezea. Haya ni maisha ya watu.

Sasa jiulize, kazi hizo zinapatikanaje? Mchezo wenyewe unaujua. Tangazo linabandikwa ukutani ndani ya ofisi ambayo mlinzi hakuruhusu kuingia. Au linatoka wakati mwenye nafasi alishaanza kazi wiki mbili nyuma, nawe unaitwa kwenye usaili ili faili lionekane limejaa. Au unaambiwa ujitolee kwanza. Unajitolea mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, kwa nauli na chai ya saa nne, halafu mradi unakwisha na unapewa barua ya shukrani.

Hapo hapo anakuja kijana mwenzako kutoka Ulaya kujitolea miezi mitatu. Yeye ametoa pesa zake kwa wakala ili apate nafasi hiyo ya kujitolea. Anafundisha watoto nyimbo, anapanda mlima, anapiga picha, anaondoka na cheti kitakachomsaidia kupata kazi kwao. Hatumwonei wivu, wala hatumlaumu kwa moyo wake. Tunachosema ni kwamba kujitolea kwake kunahesabiwa kuwa uzoefu, na kujitolea kwako kunahesabiwa kuwa ni kukosa kazi. Nani kaamua hivyo?

Sheria haikuamua hivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi wake maelezo ya kazi kwa maandishi: kazi gani, wapi, kwa mshahara gani, kwa saa ngapi. Haikusema kwamba mwajiri akiwa ni shirika la huruma basi amesamehewa. Na ukifukuzwa kazi isivyo halali una siku 30 tu za kupeleka lalamiko lako Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wengi wetu siku hizo tunazimaliza kijiweni tukilaani, na siku ya 31 mlango unafungwa.

Lakini kijana, hata ukipata kazi, na hata ukipewa mkataba, bado hujafika penye kiini. Anayekupa kazi ni mkurugenzi. Mkurugenzi naye anawajibika kwa nani?

Hapo ndipo tunapokuja kwenye kiti. Ipo Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, iliyotungwa mwaka 1956 wakati wa Mwingereza na inayotumika mpaka leo. Kwa sheria hiyo kanisa, msikiti, chama au shirika la hisani linaweza kusajili bodi ya wadhamini kwa Kabidhi Wasii Mkuu, ambaye leo ofisi yake iko chini ya RITA. Bodi ikisajiliwa inakuwa kama mtu mmoja mbele ya sheria: inamiliki mali kwa jina lake, ina muhuri wake, inaweza kushitaki na kushitakiwa. Mdhamini mmoja akifa, mali haifi naye wala haiendi kwa watoto wake. Kiwanja, jengo, gari na akaunti ya benki viko mikononi mwa wadhamini. Mzungu akiondoka, wadhamini wanabaki.

Yako pia mashirika yaliyosajiliwa kwa Msajili wa NGO chini ya Sheria Namba 24 ya mwaka 2002. Hayo nayo yana katiba, yana wanachama waanzilishi na yana bodi. Jina la kiti linaweza kubadilika, likawa mdhamini, mjumbe wa bodi au mjumbe wa kamati, lakini kazi ni ile ile. Ni kumwajiri mkurugenzi na kumwachisha. Ni kupitisha bajeti. Ni kuuliza risiti iko wapi. Ni kuamua kama shirika litajenga kisima Shirimatunda au litanunua gari la tatu.

Kiti hicho kwa kawaida hakina mshahara. Ndiyo maana watu wanakidharau, na ndiyo maana vigogo wanakipata bwerere. Mstaafu aliyekuwa mkubwa serikalini, mzee wa heshima ambaye hana muda, shemeji wa mkurugenzi, rafiki wa mfadhili: hao ndio unaowakuta kwenye orodha. Wanakutana mara moja kwa mwaka, wanakula chakula cha mchana, wanatia saini hesabu ambazo hawakuzisoma. Halafu sisi tunashangaa kwa nini nafasi za kazi zinakwenda kwa wapwa zao!

Usidhani ugonjwa huu ni wa Mwafrika peke yake. Huko Uingereza, shirika kubwa la kusaidia watoto lililoitwa Kids Company lilianguka mwezi Agosti 2015, ingawa kwa miaka mingi lilikuwa limepewa na serikali zaidi ya pauni milioni 40. Kamati ya Bunge la huko ilipoandika ripoti yake mwaka 2016, haikuishia kwa mkurugenzi. Iliwanyooshea kidole wadhamini, watu wenye majina makubwa, kwamba hawakusimamia. Serikali ikawapeleka mahakamani ikitaka wazuiwe kuongoza makampuni. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ya huko ikawaona hawastahili adhabu hiyo. Tunachotaka ukione hapo si ushindi wala kushindwa kwao. Ona kwamba waliitwa, wakasimama, wakajieleza. Na huko majina ya wadhamini wa shirika la hisani yako kwenye daftari la wazi ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma. Wewe, je, unayajua majina ya wadhamini wa kituo kilicho jirani na nyumba yenu?

Jambo hili lina uzito zaidi leo kuliko jana. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump wa Marekani alisimamisha misaada ya nchi yake kwa nchi za nje. Ilipofika tarehe 1 Julai mwaka huo huo, USAID ilikuwa imekwisha kazi. Miradi mingi nchini mwetu, hasa ya afya na UKIMWI, iliguswa, na watu waliokuwa na kazi Ijumaa waliambiwa wasije Jumatatu. Kijana aliyekuwa anafikiri ameajiriwa na shirika akagundua kwamba ameajiriwa na saini ya mtu mmoja aliyeko Washington.

Bodi yenye macho ingekuwa imeuliza swali mapema: mfadhili huyu akiondoka, tunabaki na nini? Tuna akiba? Tuna shamba, tuna kiwanja cha kupangisha, tuna wanachama wanaochanga? Bodi ya kutia saini tu haiulizi hivyo, maana wajumbe wake hawana wanachopoteza. Anayepoteza ni wewe na yule mama anayefuata dawa. Kwa hiyo mwenye cha kupoteza ndiye anayepaswa kukaa mezani.

Tena Moshi si wageni katika jambo hili. Mwaka 1925 wakulima wa mlima huu waliunda chama chao cha kahawa, KNPA, na kutokana nacho ikazaliwa KNCU mwaka 1933. Hawakuomba kuajiriwa na mnunuzi wa kahawa. Walitaka kuwa wenye chombo, na mji huu mpaka leo una majengo yanayoeleza habari hiyo. Palikuwapo ugomvi na tuhuma za fedha tangu zama hizo, nasi hatusemi kwamba wazee walikuwa malaika. Lakini walikuwa na mkutano ambapo mkulima angeweza kusimama akauliza.

Kisha mwaka 1976 serikali ya chama kimoja ikavifuta vyama vikuu vya ushirika kwa kalamu, na mazao yakapewa mamlaka zenye mabosi wa kuteuliwa. Mkulima akageuka mtazamaji wa kahawa yake mwenyewe. Mpaka ilipotungwa sheria mpya ya ushirika mwaka 1982 ndipo vyama hivyo vikaanza kurudi, vikiwa vimechoka. Funzo ni jepesi: chombo cha wananchi kikiongozwa na watu wa kuteuliwa, wananchi wanageuka kuwa wageni ndani yake.

Serikali nayo inajua nguvu ya vyombo hivi. Ndiyo maana haijawahi kulala. BAWATA, Baraza la Wanawake Tanzania, lilianzishwa mwaka 1995. Mwaka 1996 likasimamishwa na mwaka 1997 likafutwa. Akina mama hao hawakukimbia. Walikwenda Mahakama Kuu, na kesi ikakokotwa mpaka mwaka 2009 walipopewa haki yao, miaka kumi na miwili baadaye. Mwaka 2005 HakiElimu ikapigwa marufuku kufanya utafiti mashuleni kwa kosa la kusema hali ya shule zetu ilivyo. Mwaka 2018 zikaja kanuni za kuyataka mashirika yanayopata zaidi ya shilingi milioni 20 kupeleka mikataba yao ya fedha Hazina na kwa Msajili, na kutangaza mapato na matumizi yao hadharani.

Kuhusu kutangaza hesabu hatuna ugomvi. Pesa iliyoombwa kwa jina la yatima lazima ionekane. Tunachouliza ni mbona kiranja anawakagua wengine na yeye hataki kukaguliwa. Lakini angalia jambo hili: shirika linapobanwa na dola, anayeamua kama litasimama au litapiga magoti ni bodi. Bodi ya wastaafu wanaoogopa simu ya Mkuu wa Wilaya itapiga magoti kabla simu haijalia. Bodi yenye watu wa mtaa ndani yake itauliza kwanza sheria inasemaje.

Hapa tuseme wazi, kwa sababu sisi ni gazeti la chama na wapo watakaosema tunataka kuteka mashirika. La hasha. Sheria ya mwaka 2002 haitaki NGO iwe mguu wa chama chochote, nasi tunakubaliana nayo. Ukiingia kwenye bodi ya kituo cha yatima, acha kadi yako nyumbani. Mtoto mwenye njaa hana chama. Tena sisi wa upinzani tumeonja uchungu wa kuchezea udhamini. Kila chama cha siasa kina bodi yake ya wadhamini, na mwaka 2017 ugomvi wa CUF ulifika mpaka kwenye orodha ya wadhamini huko RITA, kisha ukahamia mahakamani. Chama kilichokuwa na wabunge na wapiga kura wengi kikajikuta kinashindania majina machache kwenye karatasi. Asiyeamini kwamba kiti hicho kina nguvu aisome habari hiyo.

Tena jihadhari, kijana, maana kuna mtego. Yupo mjanja atakayekuja kijiweni akiwa na fomu, akitafuta majina ya kujazia idadi ya waanzilishi. Atakupa elfu kumi na soda, utatia saini, ataondoka. Hiyo ndiyo NGO ya mfukoni: ofisi yake ni begi na wanachama wake ni majina ya watu wasiojuana. Pesa ikija hutaiona, lakini polisi wakija jina lako ndilo watakaloliona. Saini yako si ya kuazimisha. Usiitie kwenye karatasi ambayo hujaisoma, wala kwenye muhtasari wa mkutano ambao hukuhudhuria.

Ufanye nini basi? Kwanza, acha kusema "wao". Nenda kwa Ofisa Maendeleo ya Jamii wa kata yako, uliza ni mashirika gani yanafanya kazi Shirimatunda na yamesajiliwa wapi. Huyo ni mtumishi wako, analipwa kwa kodi ya bodaboda yako. Kama shirika lina wadhamini waliosajiliwa, andika barua RITA uulize ni akina nani. Barua ya watu kumi ina uzito kuliko malalamiko ya watu mia.

Pili, ingia uanachama. Mashirika mengi yana katiba inayoruhusu wanachama wapya, ila hakuna anayeiomba. Iombe, uisome, ulipe ada, uhudhurie mkutano mkuu. Kiti cha bodi hakiangukii mtu aliyekaa kijiweni. Kinampata aliyehudhuria mikutano mitatu akauliza maswali mawili ya maana.

Tatu, jifunze hesabu. Tunasema hivyo bila utani. Hapa hapa Moshi kuna Chuo Kikuu cha Ushirika, kilichoanza kama Chuo cha Ushirika mwaka 1963, na kimekuwa kikitoa wahasibu kwa nchi nzima. Kama huna ada ya chuo, mtafute aliyesoma hapo akufundishe kusoma taarifa ya mapato na matumizi. Ni kazi ya jioni chache. Mdhamini asiyejua kusoma hesabu ni sawa na mlinzi kipofu: anakaa getini lakini haoni kinachotoka.

Nne, kama una kundi, anzeni lenu. Akina mama wa KIWAKKUKI hawakusubiri mfadhili ndipo waanze. Walianza, ndipo wafadhili wakaja. Kijana wa kiume wa mjini anapenda kusema "wanawake ndio wanaopendelewa". Ukweli unauma: wanawake walijipanga, sisi tulikuwa tunapanga kikosi cha timu kijiweni.

Tano, kazi ya kweli hainunuliwi. Anayekudai pesa ili akupe kazi ya shirika la misaada ni mwizi wa mara mbili, anakuibia wewe na anamwibia yatima. Mtaje.

Nanyi mabwana wakubwa wa mashirika, msidhani tumewasahau. Tunadai mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji fedha ya mfadhili. Kila nafasi ya kazi ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kata na ofisi za mitaa, siku zisizopungua kumi na nne kabla ya kufungwa. Kila bodi inayosimamia misaada ya watu wa eneo iwe na walau kijana mmoja wa eneo hilo, aliyechaguliwa mbele ya watu wala si kuokotwa na mkurugenzi. Na kila mwaka hesabu zilizokaguliwa zisomwe kwenye mkutano wa mtaa, kwa Kiswahili, mbele ya hao ambao picha zao mnazitumia kuombea pesa. Aliye msafi ataona haya ni madogo.

Mnatuambia vijana hawana uzoefu. Uzoefu wa nini? Wa kulala kwenye vikao? Kijana wa Shirimatunda anajua ni nyumba gani ina bibi anayelea wajukuu watano peke yake. Anajua ni mtoto yupi ameacha shule na kwa nini. Anajua bomba lipi halitoi maji tangu mwezi uliopita. Huo ndio uzoefu ambao mnawalipa wataalamu waje kuutafuta kwa dodoso na posho ya siku.

Kijana, misaada inayoingia mji huu inaombwa kwa jina lako na la wadogo zako. Umaskini wa mtaa wako ndio unaojaza maandiko ya miradi. Kwa hiyo usiende kwenye ofisi hizo umeinama kama mtu anayeomba hisani. Tafuta kazi, ndiyo, na ukiipata ifanye kwa uaminifu. Lakini usiridhike kushika usukani wa gari ambalo safari yake inapangwa na watu usiowajua. Kwenye mkutano ujao wa mtaa, simama, taja jina la shirika moja linalofanya kazi kwenu, kisha uliza swali moja tu: wadhamini wake ni akina nani, na walichaguliwa na nani?

Ukikosa jibu, hiyo ndiyo kazi yako ya kwanza.